Mistari Miwili Mitupu: Moyo Unaoruka na Fomu ya Bima, Pwani ya Kusini



Katikati ya fomu ya bima ya maisha, baada ya jina, kazi na jina la mrithi, kuna swali linalokuja kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo: je, umewahi kuugua au kutibiwa maradhi yoyote ya moyo, yakiwemo maumivu ya kifua, presha, au mapigo yasiyo ya kawaida? Kando yake kuna visanduku viwili, ndiyo na hapana. Chini yake kuna mistari miwili mitupu ya kueleza. Nimekuja kuzungumza juu ya swali hilo moja, na hasa juu ya ile mistari miwili.

Niseme kwanza nimelijulia wapi. Udaktari sikuusomea. Nilikuwa wakala wa bima miaka kumi na tisa, pikipiki yangu ikazijua njia zote za kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, na siku nyingine nikapanda Kinango juani. Nimejaza fomu chini ya miembe, nyuma ya jikoni za hoteli za Diani, na juu ya ngalawa iliyopandishwa mchangani Gazi. Wakala hulipwa kamisheni. Fomu ikikubaliwa, anakula. Ikirudishwa na maswali, anangoja. Ikikataliwa, amechoma petroli yake bure. Likumbukeni hilo, maana bila hilo kosa langu halieleweki.

Mteja wangu mmoja alikuwa nahodha wa boti ya watalii, mtu wa makamo, mcheshi, hana deni na mtu. Tulipofika kwenye swali lile alinishika mkono. Akaniambia kuna siku moyo wake huruka, hupapatika kama samaki ndani ya dema, kisha hutulia. Aliwahi kwenda kliniki, akapewa tembe, akaambiwa arudi. Hakurudi. "Na hiyo tuiandike?" akaniuliza. Nikamjibu: "Hiyo si kitu, kaka. Nani ambaye moyo haumruki? Weka hapana." Akaweka hapana. Nilikuwa nimebakisha fomu mbili kutimiza hesabu ya mwezi.

Miaka minne ikapita. Siku moja akaanguka bafuni, upande mmoja wa mwili ukalala. Mtaani wakasema kapigwa na upepo, akaandikiwa kombe, akapelekwa hospitali siku ya pili. Siku ya tisa tukamzika. Mjane alipopeleka madai, kampuni ilituma mtu kuzizungukia kliniki alizowahi kufika marehemu, na kwenye daftari la ile moja paliandikwa, kwa mwandiko wa haraka, kwamba mapigo hayana mpangilio na mgonjwa apelekwe Mombasa kupimwa moyo. Tarehe ilikuwa ya kabla ya fomu. Barua ya kampuni ilikuwa na aya tatu: mkataba umebatilishwa kwa kuficha jambo la msingi. Mama yule aliileta kwangu, kwa kuwa katika kampuni nzima mtu aliyemjua ni mimi, na kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza. Nikamsomea mimi.

Sasa tuje kwenye moyo wenyewe. Wengi wenu mmecheza sengenya, au mmesimama kando mkatazama. Yupo mpigaji mmoja anayeshika mwendo, na ngoma nyingine zinamfuata. Moyo nao una mshika mwendo wake, kijisehemu kidogo kilicho juu katika chumba cha kulia, kinachotoa cheche ya umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Katika ugonjwa unaowakosesha raha watu wa bima, ambao madaktari huuita fibrilesheni ya atiria, vyumba viwili vya juu humwasi mshika mwendo. Cheche hutoka kila pembe, mara 350 hadi 600 kwa dakika, na vyumba huacha kupiga vikawa vinatetemeka tu. Vyumba vya chini hupokea sehemu ndogo ya fujo hiyo. Ndiyo maana kwenye kifundo cha mkono utasikia mapigo mawili, kimya, matatu ya haraka, moja, kimya tena. Hata mpigaji hodari hawezi kuufuata mwendo huo. Shikeni mikono yenu sasa, vidole viwili chini ya kidole gumba, nami nitaendelea kusema taratibu.

Kutetemeka huko siko kunakoua kwa kawaida. Hatari ni damu kutuama. Damu iliyotuama kwenye pembe ya chumba cha juu cha kushoto hufanya bonge, na kipande cha bonge kikichomoka kikapanda ubongoni, hicho ndicho kiharusi. Utafiti wa Framingham, mji mdogo wa Marekani ambao wakazi wake wamefuatiliwa mioyo tangu 1948, ulionyesha katika ripoti ya 1991 kwamba mwenye ugonjwa huu ana hatari ya kiharusi karibu mara tano ya asiye nao. Mara tano. Hiyo ndiyo hesabu inayomjia kichwani mtu wa bima anapoona maneno "moyo huruka". Hesabu nyingine, ambayo haimjii upesi vilevile, ni kwamba dawa ya kuzuia damu isigande hupunguza hatari hiyo kwa karibu theluthi mbili.

Lakini si kila moyo unaoruka ni huo. Lipo pigo la ziada la mara moja moja, ambalo watu wengi wazima hulipata na wengi wao hawana ugonjwa wowote. Wapo vijana ambao mapigo huharakisha wakivuta pumzi na kupungua wakiitoa, na hiyo ni dalili ya moyo mzuri. Upo moyo unaokimbizwa na tezi ya shingo iliyozidisha kazi, na tezi ikitibiwa moyo mara nyingi hurudi mahali pake. Ipo pombe: mwaka 1978 daktari Philip Ettinger na wenzake wa New Jersey waliandika juu ya watu waliofika hospitali mapigo yamevurugika baada ya wikendi na sikukuu za kunywa, wakauita moyo wa sikukuu. Sisi ambao mnazi wetu hugemwa asubuhi na jioni tungeweza kuwaongezea sura ya pili. Muguka pia, yale majani ya kutafuna yaliyowafanya magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta watangaze marufuku Mei 2024, hukimbiza moyo na kupandisha presha. Sisemi haya kumhubiria mtu. Fomu ina swali lake kuhusu pombe na vileo, na majibu ya maswali haya mawili husomwa pamoja.

Kisha kuna ugonjwa ulio wetu hasa. Mtoto anaumwa koo, hapati penisilini, koo linapona lenyewe. Mwili uliokuwa ukipigana na vijidudu vya koo unageuka na kuzishambulia vali za moyo. Miaka inapita bila kelele. Vali inakakamaa na kuwa nyembamba kama mlango uliovimba kwa mvua, chumba cha nyuma yake kinatanuka kwa kusukuma, na siku moja kinaanza kutetemeka. Ulaya fibrilesheni ni maradhi ya wazee. Huku kwetu Afrika humkuta pia mama wa miaka thelathini mwenye mtoto mgongoni, ambaye hakumbuki kabisa lile koo la darasa la tatu.

Basi hesabuni wenyewe. Kijana mzima anayecheza mpira Ukunda, mgema aliyezidisha wikendi, mama mwenye tezi, na mama mwenye vali iliyokakamaa. Wote wanne, swali lile likiulizwa, wanatakiwa waweke alama kwenye kisanduku kimoja.

Upande wa pili wa meza kuna mtu ambaye sisi mawakala tulimwita andaraita. Huyu hukaa Nairobi, hamjui nahodha wala boti, anazijua karatasi. Kazi yake ina historia ndefu. Zamani mgonjwa alikataliwa tu. Mwaka 1824 ikaanzishwa London kampuni ya Clerical Medical, iliyokubali kupokea watu wenye kasoro za afya kwa malipo ya juu. Mwaka 1919 Arthur Hunter na Oscar Rogers, wa kampuni ya New York Life, wakachapisha njia yao ya namba: mtu wa kawaida ni 100, kila kasoro ina pointi zake, jumlisha, toa, utapata bei. Njia hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo, ingawa kitabu kimekuwa programu ya kompyuta. Na kitabu chenyewe mara nyingi si cha Nairobi. Huandikwa na kampuni kubwa zinazozikatia bima kampuni za bima, kama Swiss Re na Munich Re, kwa takwimu ambazo nyingi zimetoka kwa watu wa Ulaya na Marekani.

Akisoma "moyo huruka", andaraita anataka kujua mambo mengi. Ni aina gani? Huja na kuondoka, au umekaa moja kwa moja? Ulianza ukiwa na umri gani? Sababu ilipatikana? Picha ya moyo iitwayo eko inasemaje kuhusu vali, kuhusu nguvu ya msukumo, kuhusu upana wa chumba cha juu cha kushoto? Unatumia dawa ya damu? Umewahi kupata kiharusi, hata kidogo kilichopita kwa saa moja? Una presha, una sukari? Akijibiwa vizuri, kwa mfano umri mdogo, eko safi, tukio moja lililokuwa na sababu na likaisha, anaweza kuongeza pointi kidogo tu, au asiongeze kabisa. Vali ikiwa mbovu, pointi hupanda haraka. Ugonjwa ukiwa mpya, husema subiri, rudi baada ya miezi kadhaa. Na wengine hukataa.

Hapa nataka kutua kidogo, maana watu wengi huogopa pasipotisha. Kuongezewa pointi 100 hakumaanishi malipo yako yote yanakuwa maradufu. Tuseme unalipa shilingi 5,000 kwa mwezi kwenye bima ile ya kuweka akiba ya masomo ya watoto, ambayo ndiyo wengi wenu mnaijua. Sehemu kubwa ya pesa hiyo ni akiba yako na gharama za kampuni. Sehemu ya kifo chenyewe huenda ni shilingi 600. Hiyo 600 ndiyo inayoongezwa 600 nyingine. Lakini ukichukua bima ya kifo tupu, isiyo na akiba, karibu malipo yote ni ya hatari, na hapo nyongeza utaiona. Mtu aliyekwepa kuandika "ndiyo" kwa kuogopa kulipa mara mbili, mara nyingi alikuwa amekimbia shilingi 600.

Swali langu la leo ni hili. Je, itakuwaje andaraita asipopata majibu? Fomu imekuja na "ndiyo", na kwenye mistari miwili pameandikwa "moyo huruka kidogo". Hakuna kipimo cha umeme wa moyo, hakuna eko, hakuna barua. Kitabu hakina ukurasa wa "kidogo". Mtu yule hana roho mbaya. Ana milango miwili tu: kumhesabu mwombaji kama mgonjwa mbaya kuliko wote wanaoweza kuandika maneno hayo, au kumwambia asubiri hadi alete vipimo. Baada ya kuona fomu nyingi zikirudi, niliamini jambo ambalo sikufundishwa kwenye semina yoyote: mtu wa Kwale hatozwi kwa moyo wake. Hutozwa kwa kutojulikana kwa moyo wake.

Tazameni ufukwe wa Diani. Juu ya mchanga mmoja, chini ya mvinje mmoja, anaweza kukaa Mjerumani mstaafu wa miaka sabini ambaye moyo wake umetetemeka miaka kumi, na mhudumu wa hoteli wa miaka arobaini ambaye moyo wake huruka mara moja kwa mwezi. Mjerumani ana faili. Kila kipimo kina tarehe, kila dawa ina jina, na bima yake ya safari imeshauliza na kujibiwa kabla hajapanda ndege. Yule mhudumu, ambaye pengine ndiye mwenye moyo mzima zaidi, hana hata karatasi moja. Kwa wengi wetu kumwona daktari wa moyo na kupigwa eko ni safari ya Mombasa: matatu hadi Likoni, feri, matatu tena, au siku hizi kuzunguka Dongo Kundu, siku nzima ya kazi imepotea, na mara nyingine uambiwe uje tena wiki ijayo. Kisha kampuni inamtoza zaidi huyu kuliko ambavyo ingemtoza angekuwa na faili la Mjerumani. Kitabu hakikukosea hesabu. Waliokosekana ni wapimaji. Mimi naona ni dhulma, na naiita dhulma hata kama hakuna mtu mmoja wa kumnyooshea kidole.

Sheria nayo ina kisa chake. Kanuni inayosema mwombaji lazima aseme kila jambo la msingi, aulizwe asiulizwe, hunukuliwa kutoka kesi ya 1766 London, Carter dhidi ya Boehm. Kisa chenyewe kilitokea kwenye bahari hii hii yetu, ng'ambo ya mashariki. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Marlborough kisiwani Sumatra, akaikatia bima isitekwe na adui wa Kizungu. Mwaka 1760 Wafaransa wakiongozwa na d'Estaing wakaiteka. Boehm, aliyetoa bima, akakataa kulipa: ngome ilikuwa dhaifu, gavana akijua, na hakusema. Jaji, Lord Mansfield, akaandika ile kanuni kwamba bima ni mkataba wa kuaminiana kupita kiasi cha mikataba mingine. Wanaoinukuu husahau kusimulia mwisho wa kesi: Carter alishinda. Jaji alisema mtu aliyekaa London akakubali kuikatia bima ngome ya mbali wakati wa vita alijua anachokikubali, na alikuwa na mdomo wa kuuliza. Kenya tulirithi kanuni hiyo kwa Waingereza. Waingereza wenyewe wameilegeza: kwa sheria yao ya 2012, mtu wa kawaida anatakiwa tu kujibu maswali anayoulizwa kwa uangalifu unaostahili, si kubahatisha kampuni ingependa kujua nini zaidi.

Nahodha wangu, hata hivyo, asingeokolewa na Carter wala na sheria ya 2012. Aliulizwa waziwazi, akajibu hapana. Je, haitoshi kwamba wakala wa kampuni alijua? Nililitafuta jibu la swali hilo kwa ajili yangu mwenyewe, usingizi ulipokuwa haunijii. Mwaka 1929 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya bima ya basi, ya ndugu wa Newsholme, ambapo wakala alijaza majibu ya uongo huku ameambiwa ukweli. Mahakama ikasema anapoishika kalamu ya mwombaji, wakala ni mwandishi wa mwombaji, na anachokijua hakihesabiki kuwa kampuni imekijua. Angalieni chini ya fomu zenu: kuna tamko dogo la maana hiyo hiyo, kwamba majibu haya ni yangu hata kama ameniandikia mtu mwingine, na saini. Kwa hiyo siku ile, mbele ya sheria, nilikuwa mkono wa nahodha. Mdomo wa kampuni sikuwa.

Nipite haraka kwenye aina nyingine za bima, maana moyo hauulizwi mahali pote kwa namna moja. Bima ya ajali za mwili hujali zaidi kama umewahi kuzirai. Bima ya magonjwa mahututi ndiyo kali kupita zote, kwa sababu kiharusi kimo kwenye orodha ya magonjwa yake, kwa hiyo mwenye fibrilesheni hukataliwa au hupewa bima ambayo kiharusi kimetolewa. Bima ya matibabu ya kampuni binafsi kwa kawaida humpokea mtu, lakini ugonjwa aliokuja nao huwekewa muda wa kungoja na kikomo cha chini. Bima ndogo ndogo za simu, ambazo tangu 2020 zina kanuni zake nchini, huuliza machache au haziulizi, na hulipa machache vilevile, kama ya sanda na chai ya hanga.

Kuna bima moja ambayo wengi mmekuwa nayo bila kuiona, nayo ni ile ya kundi kazini. Mwajiri mkubwa huwakatia wafanyakazi wote pamoja, na hadi kiwango fulani cha pesa hakuna anayeulizwa juu ya moyo. Ni neema ya kimya. Inakwisha siku kazi inapokwisha. Mgodi wa titani wa Base, uliosafirisha shehena yake ya kwanza mwaka 2014, ulifunga uchimbaji Desemba 2024. Hoteli nazo huwaachisha watu msimu ukianguka. Mtu anayetoka kazini ana miaka hamsini, ana moyo uliogunduliwa akiwa kazini, na anaingia sokoni peke yake na ile fomu yenye visanduku viwili. Baadhi ya mikataba ya kundi ina kifungu kinachomruhusu anayetoka kuigeuza bima yake kuwa ya binafsi bila kupimwa, ndani ya siku chache zilizotajwa. Kifungu hicho husomwa mara chache kuliko kadi ya harusi. Ulizeni idara ya wafanyakazi kabla ya kuchukua cheti cha kuacha kazi, si baada.

Na SHA, bima ya afya ya serikali? Hiyo haiulizi moyo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF iliyokuwepo tangu 1966. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Mtu hakataliwi kwa kuwa mapigo yake hayana mwendo. Malalamiko ya foleni na malipo kuchelewa mnayajua kuliko mimi. Lakini SHA ni ya matibabu. Mjane haimpi kitu.

Wazee watauliza, na ni haki yao, kama bima ya maisha ni halali hata tukazungumze habari ya moyo. Wapo wanaoikataa kwa sababu ya gharari, yaani mashaka ndani ya mkataba, na riba. Tangu 2011 nchi hii ina kampuni ya takaful, Takaful Insurance of Africa, ambayo michango yake huwekwa kwenye mfuko wa kusaidiana. Ila mfuko wa kusaidiana nao hutaka kujua nani anaingia na hatari gani, kwa hiyo takaful haikuondolei swali la kujibu ukweli. Pengine inalizidisha, kwa sababu unaowaficha ni wenzako wa mfuko. Mweria wetu wa kusaidiana na michango ya hanga haikuwahi kuulizana mapigo. Ilitosha kwa sababu wote tulijuana, na kwa sababu kiasi kilikuwa kidogo.

Kuna mahali Bunge lilishawahi kuonyesha kuwa linaweza. Sheria ya HIV ya 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa au kutaja hali yake ili tu apate mkopo au bima, na inaziagiza kampuni ziweke kiwango cha bima ambacho chini yake hakuna kuulizwa. Ni wazo rahisi: pesa kidogo, usiulize, pesa nyingi, uliza na upime. Katiba nayo, kifungu cha 27, inataja hali ya afya miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. Sioni kwa nini kiwango kile kisiwekwe kwa mioyo pia. Mtu wa Msambweni anayetaka bima ya kutosha kulipa deni la SACCO na karo ya mwaka mmoja aulizwe jina na umri, basi. Anayetaka milioni kumi apigwe eko, na kampuni igharimie, kwa sababu ndiyo inayoitaka picha.

Mpaka siku hiyo ifike, tuna mistari yetu miwili. Inaandikwa hivi, na nimeipima kwa miaka ya mwisho ya kazi yangu, nilipokuwa nimeacha kuwaambia watu waweke hapana: "Mapigo yasiyo na mpangilio, yaligunduliwa mwezi fulani mwaka fulani. Kipimo cha umeme wa moyo na eko vimefanyika tarehe fulani, nakala zimeambatishwa. Sababu ni hii. Dawa ni hizi. Sijawahi kupata kiharusi wala kuzirai." Mistari haitoshi? Andika "tazama barua" na uambatishe. Kama dawa yako ya kuzuia damu isigande ni wafarini, usione haya kuitaja kwa kuwa ni dawa ya zamani. Utafiti wa INVICTUS wa 2022, uliofanywa kwa watu wenye moyo ulioharibiwa na lile koo la utotoni, ulikuta dawa za jamii ya wafarini zikiwaokoa zaidi kuliko dawa mpya ya bei ghali iliyolinganishwa nazo. Kile kitabu kidogo cha INR, kipimo cha kuganda kwa damu, chenye namba za kila mwezi zinazotakiwa kwa kawaida kukaa kati ya 2 na 3, ni ushahidi mzito kuliko barua ya mkubwa yeyote. Andaraita akiona namba zimetulia mwaka mzima, anajua huyu ni mtu anayekunywa dawa.

Na kama kliniki iliyokuona haikukupa karatasi? Karatasi zako unaweza kuzidai. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuziona taarifa zako, na taarifa za afya imeziweka kwenye daraja la zile nyeti. Nenda na kitambulisho, omba nakala kwa maandishi, weka tarehe. Fanya hivyo kabla ya kujaza fomu. Mimi natamani daftari la kliniki ile lingesomwa na nahodha kwanza, kampuni ikafuata. Pengine angeenda Mombasa.

Nimechapisha nakala arobaini za fomu tupu, nimefuta jina la kampuni, ziko pale mezani karibu na birika. Chukueni mkajaribu kujaza nyumbani kwa penseli. Mama aliyeniuliza kabla hatujaanza kama mchicha na mchunga vinaharibu dawa ya damu, jibu ni kwamba usizidishe ghafla wala usiache ghafla, kula kiasi kile kile, na umwambie daktari wako. Aliyesikia mapigo yasiyoeleweka tuliposhika mikono asiondoke, kuna muuguzi amekaa safu ya pili. Maswali tutayachukua baada ya Alasiri.